Kati ya kamba mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na giza bado totoro, maana katikati ya Oktoba huku Michigan jua halichomozi mpaka karibu saa mbili. Nimekuja kuwinda kulungu kwa upinde. Nimesimama juu ya kidato cha tatu, kimojawapo cha vikanyagio vya alumini nilivyovifunga kwenye shina, mita nne hivi kutoka ardhini, nimeukumbatia mwaloni. Mbele ya uso wangu limetokeza tawi nene kama paja, upande ule ule ninaopandia. Kamba yangu ya kiunoni imelizunguka shina chini ya tawi hilo. Ili nipite, lazima kamba ihamie juu yake.

Nikaifungua.

Mkono wa kushoto nikaupitisha juu ya tawi. Wa kulia ulikuwa na karabina, pete ya chuma ya kufungia kamba, iliyo wazi, nikaanza kuirusha kamba izunguke shina nije kuidaka upande wa pili. Umande juu ya kidato ulikuwa umeanza kuganda. Mguu wa kushoto ukanitoka, kisha na wa kulia, nikabaki nimening'inia kwa kwapa moja, upinde ukiwa chini, mke wangu amelala nyumbani Grand Rapids, na hakuna uzi hata mmoja ulioniunganisha na mti ule.

Sekunde mbili, labda tatu. Mguu ukakipapasa kidato ukakipata. Nikafunga kamba, karabina ikalia *tak*, nikabaki pale pale mpaka pumzi zikarudi.

Hakuna kilichotokea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia asubuhi ile, na nikaendelea kujiambia kwa wiki tatu, kila usiku, nikiwa macho.

## Mbeleko na vidato

Kwetu Mafia, aliyelinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe alijenga dungu, akakaa juu. Wawindaji wengi wa huku nao hufanya hivyo: wanaweka dungu lao la chuma mtini kabla ya msimu na kulirudia wiki baada ya wiki. Lakini kwenye misitu ya umma, kama huu wa Manistee ninaouendea, kulungu wa mkia mweupe hujifunza haraka. Akishanusa harufu ya mtu chini ya mti fulani mara mbili tatu, njia yake anaihamisha.

Kwa hiyo kuna sisi tunaohama naye. Unaingia na kila kitu mgongoni, unachagua mti kwa upepo wa siku ile, unapanda, unawinda, unashuka na kila kitu. Kesho mti mwingine.

Dungu sina. Ninachokalia nimekipa jina la mbeleko, kwa sababu kinanipakata makalio kama mama anavyombeba mtoto mgongoni. Ni kitambaa kigumu cha nailoni chenye kamba fupi mbele, na kamba hiyo inaungana na nyingine iliyofungwa kwenye shina juu ya kichwa changu. Unaegemea nyuma kama baharia kwenye ngalawa, miguu ikiwa juu ya kijukwaa cha alumini kisichozidi sinia dogo. Unaweza kuuzunguka mti wote bila kushuka, ukaliweka shina kati yako na mnyama.

Na vidato. Watoto wa siku hizi wanalijua neno hili kwa shule tu, kidato cha kwanza, kidato cha nne. Mkwezi anajua kwamba kidato ni pale panga lilipochonga shina la mnazi ili wayo upate pa kukaa. Hapa Michigan sheria inakataza kutoboa gome la mti kwenye ardhi ya umma ili kupandia: hakuna msumari, hakuna skrubu. Na sheria hiyo ina akili. Uhai wa mwaloni uko kwenye tabaka jembamba chini ya gome, na ukilijeruhi umeujeruhi mti wenyewe. Mnazi hauna tabaka hilo. Ndiyo maana mnazi uliochongwa huendelea kuzaa, ingawa kidonda chake hakifungi maisha yake yote na huwa mlango wa uozo na wadudu.

Vidato vyangu basi ni vya alumini, vinne, kila kimoja karibu nusu mita, vinafungwa kwenye shina kwa mikanda na kufunguliwa siku ile ile. Mti ukiuangalia kesho yake hujui kama mtu alipita.

## Gramu mia tatu

Hapa ndipo panaponiuma.

Ukianza uwindaji huu wa kuhama, kinachokushika kwanza ni uzito. Unatembea kilomita mbili tatu gizani, umevaa nguo za baridi, na ukifika umelowa jasho unajua harufu yako itasafiri. Kwa hiyo unapima. Karabina hii ni nzito kuliko ile. Mkanda huu una kipande cha ziada, kikate. Nilikuwa na mizani ya jikoni juu ya meza ya gereji, mizani ile ile mke wangu anayopimia unga, na nilikuwa napata furaha ya kweli kila kifaa kilipopungua gramu ishirini.

Agosti nilitoa kamba ya pili ya kiunoni. Gramu mia tatu. Nilijiambia kamba moja yatosha, nikifika penye tawi nitashika kwa mkono.

Sikusahau, na sikukosa kujua. Mzee Mmarekani aliyenifundisha, tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja kiwandani, alinionyesha tangu siku ya kwanza: kamba moja chini ya tawi, ya pili unaifunga juu ya tawi, ndipo unaifungua ya chini. Alinifanya nirudie mara kumi nikiwa hatua moja tu kutoka ardhini. Nililijua somo, nikaliweka kwenye mizani, nikaona gramu zina thamani zaidi.

## Kuti kavu

Ami yangu alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya watu tangu hajaota ndevu, kwa kitanzi cha kamba ya makumbi miguuni na panga kiunoni, na utotoni mwangu nilimwona akimaliza shamba zima kabla ya jua kuwa kali. Nikiwa darasa la tano alianguka.

Alikuwa amemaliza shina lote. Watu hudhani hatari iko kwenye urefu wa shina, lakini pale miguu imebana, mikono imekumbatia, mwili wote unafanya kazi moja. Hatari iko kileleni, unapoliacha shina kuingia kwenye makuti. Mguu umetoka kwenye kitanzi, mkono unatafuta pa kushika. Ami alishika kuti, na kuti lilikuwa kavu.

Mjini wanasema waziri fulani amekalia kuti kavu, au kocha. Mimi nikiusikia usemi huo ninasikia mlio wa mtu akifika chini. Nyonga yake haikurudi ilivyokuwa. Anatembea kwa bakora mpaka leo.

Wiki ya tatu ya kukosa usingizi nilimpigia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kilichonipata, hata mke wangu.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Baridi imeshaanza huko?"

Nikamwambia yote: giza, tawi, mguu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Mkono mmoja ulikuwa juu ya tawi. Wa pili ulikuwa umeshika nini?"

"Karabina, ami. Kile chuma cha kufungia kamba."

"Na chuma kilikuwa kimeshika nini?"

"Hakijashika kitu bado."

"Basi ulikuwa umeshika kitu kisichokushika."

Kisha akasema jambo ambalo limebadilisha kila ninachofanya mtini. Alisema mnazi haukuangushi ukiwa unapanda, wala ukiwa umekaa. Unakuangusha ukihama.

## Kuhesabu upya

Jumamosi iliyofuata nilitoa vifaa vyote nyuma ya nyumba, kwenye mti wetu mmoja uliopo, nikavifunga chini kabisa, mahali ambapo nikianguka nitachafua suruali tu. Mizani niliirudisha jikoni. Safari hii nilihesabu kitu kingine: kwa kila njia ya kupanda ninayoijua, ni mara ngapi mwili unabaki bila kamba inayoubeba?

Kwa vidato vinne na kamba moja ya kiunoni nilipata mara tatu. Penye tawi wakati wa kupanda. Juu, nilipokuwa nafungua kamba ya kiunoni kabla sijaufunga mwili kwenye kamba ya juu, tabia mbaya niliyoizoea bila kujua. Na penye tawi lile lile wakati wa kushuka. Hii ya kushuka ndiyo iliyonitisha kuliko zote, kwa sababu kushuka ni usiku, vidole havina hisia, miguu imekufa ganzi kwa saa nne za kukaa, na moyo umeshafika nyumbani.

Kuna njia ya kidato kimoja, inayopendwa sana sasa na wanaohesabu uzito. Unakifunga, unapanda juu yake, unaisukuma kamba yako juu ya kichwa, unaning'inia kwenye mbeleko, unakivuta kidato kilichobaki chini na kukifunga tena juu zaidi. Mara nne au tano umefika. Kushuka unateremka kwa kamba ndefu moja kwa moja, bila vidato. Nilidhani hapa nitapata sifuri, na kwenye shina safi nilipata sifuri kweli, kwani kamba haitoki mtini hata mara moja, inapanda nawe. Lakini penye tawi shida ni ile ile. Kamba iliyolizunguka shina haipiti tawi bila kufunguliwa.

Kiti cha vipande viwili kinachopanda kwa kukaa na kusimama nilikiacha zamani. Chenyewe kina karibu kilo tisa, na kinataka shina lililonyooka lisilo na tawi mpaka juu. Kingewafaa wakwezi kuliko sisi.

Niliijaribu pia njia ya wakata miti: unarusha uzi wenye kizito juu ya tawi, unavutia kamba, unapanda kamba yenyewe kwa vibanio. Ni njia nzuri kwa anayeitayarisha mchana, akalijaribu tawi kwa uzito wake wote kabla ya kuliamini. Gizani siitaki. Tawi usiloliona vizuri kutoka chini laweza kuwa kuti kavu.

Na kuna miti ambayo kamba hata kumi hazitakusaidia. Mwaka 2002 aligunduliwa karibu na Detroit mbawakawa mdogo wa kijani aliyetoka Asia, anayeishi kwa kula miti inayoitwa eshi. Tangu hapo ameua mamilioni ya miti hiyo. Mingi bado imesimama, mirefu, imenyooka, haina matawi ya kusumbua, na gizani inamwita mwindaji kama iliyoandaliwa kwa ajili yake. Imekufa. Inavunjika bila kutoa onyo. Siku hizi sifungi chochote kwenye mti ambao sijaupapasa gome kwa mkono na kuutazama kilele kukiwa na mwanga.

Kwa hiyo baada ya saa nne nyuma ya nyumba jibu halikuwa njia mpya wala kifaa kipya.

Lilikuwa kamba ya pili.

## Fundo

Niliirudisha mahali pake, na nikabadilisha jinsi ninavyoirefusha na kuifupisha. Zamani nilitumia kibanio cha chuma. Sasa natumia fundo la Prusik, lililopewa jina la mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, aliyelieleza mwaka 1931. Ni kamba nyembamba inayojizungusha mara tatu kwenye kamba nene. Ukilisukuma kwa mkono linateleza. Ukiliegemea linabana, na kadiri uzito unavyozidi ndivyo linavyozidi kubana. Halina chuma cha kugandishwa na barafu.

Nilimwonyesha ami kwa video. Hakuniuliza linaitwaje. Aliniambia nilisogeze polepole, halafu nilivute, halafu nilisogeze tena. Akacheka kwa raha ya mtu aliyefanya kazi na kamba maisha yake yote na sasa ameona kamba ikifanya jambo asilolijua.

Nilimwambia basi, ami, laiti ungekuwa na hii wakati ule. Nikamwambia naweza kuwatumia wakwezi wa kijijini, mikanda na kamba, si ghali mno nikijipanga.

Hakukubali. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, na kweli nilikuwa nimesahau. Mkwezi hulipwa kwa mti. Akifunga na kufungua kamba kila mnazi, miti ya siku inapungua nusu, na mwenye shamba halipi fundo, analipa mnazi ulioanguliwa. "Wewe unapanda mti mmoja asubuhi," alisema, "na usipopata mnyama watoto wako watakula."

Nimeliwaza neno hili kuliko hata kuteleza kwangu. Kwa miaka mingi nimesikia watu, wengine wetu tulioishi nje, wakisema wakwezi hawajali maisha yao. Wanayajali. Kamba ile ya makumbi ami aliisokota mwenyewe na kuikagua kila alfajiri, uzi kwa uzi. Alichokosa ni mtu wa kulipia dakika tatu za usalama kwenye kila mti. Mimi dakika hizo nilikuwa nazo, tena nyingi, za bure, na nilizitupa kwa ajili ya gramu mia tatu.

## Kwa nini bado

Mke wangu nilimwambia siku ile ile baada ya simu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu: "Nyama iko dukani. Unafuata nini kule juu?"

Nilijibu vibaya wakati ule, na sina hakika kama nitajibu vizuri sasa. Nyama ni sababu ya kweli. Nasema Bismillahi ninapoachia mshale, nikimkuta bado ana uhai namchinja, na friza yetu ina nyama ninayoijua ilikotoka. Lakini kuna jingine. Kuna ile saa ya jioni hewa inapopoa na kuanza kushuka bondeni, ukaisikia ikipita shingoni, na unajua harufu yako inakwenda wapi, na kila jani linaloanguka unalisikia. Nchi hii nimeifanyia kazi miaka mingi nikiwa ndani ya majengo yasiyo na madirisha. Mtini ndipo nilipoanza kuijua.

Tukakubaliana. Namtumia ramani ya mti kabla sijapanda, ujumbe nikishafungwa juu, na ujumbe mwingine miguu ikigusa ardhi. Usipofika saa moja baada ya giza, anampigia rafiki yangu wa Bukavu anayeishi mtaa wa pili, ambaye anaujua msitu ule. Na mfukoni nina kitanzi cha kukanyagia, kwa sababu mtu akianguka na kuning'inia bila kusogeza miguu damu hujikusanya huko chini, na kamba iliyomwokoa yaweza kumzimisha.

## Desemba

Msimu wa bunduki ni Novemba 15 mpaka 30, na sikwenda. Wenye pinde tunarudi Desemba 1. Nilirudi Jumamosi ya kwanza, mchana, theluji ikiwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu, kwenye mwaloni ule ule.

Nilipofika kwenye tawi nilisimama. Nikaegemea kamba ya kwanza mpaka ikanibeba yote, mikono yote miwili ikawa huru. Nikachukua ya pili, nikaizungusha juu ya tawi, nikafunga, nikaegemea. Sasa zilikuwa mbili, moja chini ya tawi, moja juu. Ndipo nikaifungua ya chini.

Ilichukua muda wa kusoma Alhamdu mara mbili. Nilipanda nikapita.

Sikuona mnyama siku ile. Nilikaa kwenye mbeleko mpaka theluji ikawa ya buluu, nikashuka kwa mpangilio ule ule, nikamtumia mke wangu ujumbe, kisha nikamtumia ami picha ya tawi na kamba mbili.

Hakujibu wiki nzima. Jibu lilipokuja lilikuwa sauti, na nyuma yake nilisikia jogoo na mtu akipasua kuni. Alisema mjukuu wake ameanza kukwea, ana miaka kumi na saba, hataki kusikia la mtu. Alisema amezungumza na mwenye shamba, ambaye hajakubali wala hajakataa. Kisha akauliza ile kamba ya fundo ina urefu gani.

Nilikwenda gereji nikaipima tena, ingawa nilikuwa najua.

"Mita mbili na nusu, ami."

"Basi mnazi inauzunguka," akasema. "Tuma mbili."